Ukienda Cusco, Panga Pumzi Kabla ya Picha

Mawakala wanaouza safari za Peru wanaipenda sana ratiba ya siku tatu. Mgeni hushuka Lima usiku, hulala saa chache, kisha hupanda ndege ya alfajiri kwenda Cusco na kutembezwa mjini mchana huohuo. Kesho yake huamshwa kungali giza, hupelekwa kwa treni hadi Machu Picchu, hupiga picha na kurudishwa usiku. Siku ya tatu yuko tena uwanja wa ndege. Kwenye karatasi mpango huu unapendeza: ni mfupi, bei yake haitishi, na kila kilichotajwa kwenye tangazo kimeguswa. Hoja yangu ni kwamba umepangwa kinyumenyume. Mji wa Cusco, uliokuwa makao makuu ya dola ya Wainka na ambao uko takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, unapaswa kuwekwa mwisho wa safari badala ya mwanzo, tena upewe siku nyingi kuliko kituo kingine chochote. Anayepanga hivyo huulinda mwili wake, hupata thamani ya nauli yake, na huuona mji wenyewe, ambao wengi huupita kama stendi ya kubadilishia gari. Kwa msomaji wa huku kwetu anayeweka akiba miaka kadhaa ili aione Amerika Kusini mara moja maishani, suala hili linagusa afya na mfuko kwa pamoja.

Tuanze na mwili, maana ndio unaobeba mengine yote. Watu husema mlimani hakuna oksijeni. Hewa ya Cusco ina asilimia 21 ya oksijeni sawasawa na hewa ya Tanga au Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao pale ni kama theluthi mbili tu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mwili unajua kujirekebisha: mapafu huvuta kwa kasi, moyo hudunda haraka, figo husawazisha kemia ya damu ili kasi hiyo ya kupumua iendelee, na baadaye chembe nyekundu za damu huongezeka. Lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na sehemu yake huchukua majuma. Asiyeupa mwili muda huo huanza kuumwa kichwa saa chache baada ya kufika, hupoteza hamu ya kula, hupata kichefuchefu na kukesha usiku wa kwanza. Ujana na mazoezi si kinga; mkimbiaji hodari anaweza kulala na ndoo kando ya kitanda huku babu yake akinywa supu. Madaktari wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Anayeruka kutoka Lima, mji wa pwani, hupanda mita 3,400 kwa ndege ya saa moja na dakika chache. Waongozaji wa Kilimanjaro wanalijua jambo hili kuliko wakala yeyote. Kwenye njia ya Marangu mpandaji hulala kwanza Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720, na njia nzima anaambiwa pole pole. Cusco iko kati ya vituo hivyo viwili, tena karibu zaidi na Horombo. Hakuna mwongozaji mwenye akili timamu atakayemtoa mgeni Dar es Salaam asubuhi, amshushe Horombo saa nne, na kabla ya adhuhuri amwambie apande ngazi za magofu.

Dawa ya kwanza iko kwenye ramani, na haina gharama. Kaskazini mwa Cusco unapita mto Vilcanota, unaoitwa pia Urubamba, katika bonde ambalo wasafiri hulijua kama Bonde Takatifu la Wainka. Mji wa Urubamba uko chini ya mita 2,900, na Ollantaytambo iko chini ya 2,800. Kwa hiyo mtu akitua Cusco anaweza kuchukua mizigo yake na kupanda gari moja kwa moja kwenda bondeni, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, alale huko usiku mbili au tatu. Barabara ya kupitia Chinchero hupanda kidogo kabla ya kuteremka, lakini mwili hupimwa zaidi na mahali unapolala kuliko mahali unapopita. Bondeni kuna kazi ya kutosha: matuta ya kilimo ya Pisac, mashimo ya duara ya Moray, mabwawa ya chumvi ya Maras yanayovunwa na wanakijiji hadi leo, na Ollantaytambo, ambako watu bado wanaishi kwenye mitaa iliyopimwa na Wainka na maji yanapita katika mifereji ya mawe mlangoni mwao. Treni za Machu Picchu zinaondoka hapohapo Ollantaytambo, na kwa saa moja na nusu na ushei zinafika kijiji kilicho chini ya magofu. Wengi hawajui kwamba Machu Picchu iko mita 2,430 tu, yaani karibu mita elfu moja chini ya Cusco. Anayeanzia mjini hupanda juu kabisa, hushuka, kisha hupanda tena, na njia moja huilipia mara mbili. Anayeanzia bondeni hulala chini kwanza, huzoea, huiona Machu Picchu akiwa na nguvu, halafu huingia Cusco siku ya nne au ya tano akiwa anaweza kupanda vichochoro vya mtaa wa San Blas bila kushika ukuta.

Wapo watakaosema haya ni mashaka ya bure, kwa kuwa hoteli za Cusco hutoa chai ya majani ya koka mapokezini, maduka ya dawa yanauza vidonge, na mitungi ya oksijeni haikosekani. Kila moja ya hizo ina nafasi yake, ila haichukui nafasi ya siku. Majani ya koka yametumiwa na watu wa Andes kwa maelfu ya miaka na kikombe chake huchangamsha, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba huzuia ugonjwa wa mwinuko. Tena kilicho halali Peru ni kosa katika nchi nyingi, hivyo majani hayo yasirudi nyumbani ndani ya begi, na anayepimwa mkojo kazini akumbuke kwamba hata chai inaweza kuonekana kwenye kipimo. Kidonge cha asetazolamaidi kinafanya kazi kweli. Huusaidia mwili kuzoea haraka zaidi, ndiyo maana madaktari hukitoa kwa wanaolazimika kupanda ghafla. Ila hutakiwa kuanzwa kabla ya kupanda, kwa ushauri wa daktari, na hakiwafai wote. Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa Wazungu hulipitia juujuu, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja: selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu anaweza kupata mashambulizi makali akipanda juu hivyo. Hata aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye huku chini huishi bila dalili yoyote, yumo katika hatari ya bandama kukosa damu na kuumia. Kurithi huko ni jambo la kawaida kabisa katika ukanda wa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wengi hawajawahi kupima. Kipimo cha damu kabla ya kulipia tiketi kina maana kuliko mitungi mitatu ya oksijeni. Na dalili zikiwa kali, yaani mtu akikohoa na kuhema hata akiwa amekaa, au akipepesuka na kuchanganyikiwa, tiba ya kweli ni kumshusha chini mara moja pamoja na kumfikisha hospitali.

Pingamizi la pili ni la fedha na likizo, nalo lina uzito. Si kila mtu ana siku kumi za kukaa Peru, na mwalimu au muuguzi wa Kisumu au Morogoro hawezi kuhubiriwa kama tajiri. Lakini tufanye hesabu kwa upande wa pili. Hakuna ndege inayotoka Afrika Mashariki kwenda Lima bila kusimama. Njia ni kupitia Ulaya, au kupitia Addis Ababa hadi São Paulo na kuendelea kutoka hapo, na kila kituo kinaweza kudai karatasi zake za viza. Nauli hiyo, ada za viza na siku mbili za kwenda na mbili za kurudi ndizo gharama kubwa, nazo ni zilezile ukikaa Cusco siku moja au siku sita. Kinachoongezeka kwa kila siku ya ziada ni chumba katika nyumba ya wageni ya kawaida na chakula, na Cusco chakula cha bei nafuu kipo. Katika soko la San Pedro na migahawa ya mitaa ya nyuma huuzwa mlo wa mchana wa bei moja: bakuli la supu, sahani ya chakula na kinywaji, mlo ambao wafanyakazi wa mjini hula kila siku. Hata tiketi zimepangwa kumpendelea anayekaa. Tiketi ya pamoja ya vivutio vya Cusco na bondeni hufungua milango 16, kuanzia ngome ya Sacsayhuamán hadi Pisac, kwa muda wa siku 10. Zipo tiketi za kipande kwa mwenye haraka, lakini bei ya moja huzidi nusu ya ile kamili, kwa milango michache na muda mfupi. Anayekata siku ili kuokoa pesa anabana matumizi kwenye kile kilicho rahisi na kuacha kile cha ghali kipotee. Mkoba mdogo ndio hasa unaohitaji siku nyingi, kwa sababu hautarudi tena.

Siku za akiba zina faida nyingine: huko Andes mipango huvunjika. Kiangazi cha Cusco ni kuanzia Mei hadi Septemba, wakati jua la mchana ni kali na usiku wa Juni na Julai hukaribia kuganda. Mvua hutawala kuanzia Novemba hadi Machi, na Januari na Februari huwa nzito kiasi kwamba njia ya miguu ya Wainka kwenda Machu Picchu hufungwa Februari yote kila mwaka. Januari 2010 mto Vilcanota ulifurika ukabomoa reli, maelfu ya watalii wakakwama kijijini chini ya magofu na kutolewa kwa helikopta, na treni hazikurejea kwa majuma kadhaa. Siasa nazo zina msimu wake. Rais Pedro Castillo alipoondolewa madarakani Desemba 7, 2022, maandamano yalienea kusini mwa nchi, uwanja wa ndege wa Cusco ukafungwa kwa nyakati tofauti, na Januari 21, 2023 Machu Picchu yenyewe ikafungwa hadi katikati ya Februari. Juu ya hayo kuna kikomo cha watu. Serikali huruhusu wageni 4,500 kwa siku kuingia Machu Picchu, na 5,600 katika siku za msimu wa juu, kila mmoja na saa yake na njia yake ya kupita, na jina la kwenye tiketi lazima lilingane na pasipoti. Tiketi za Juni hadi Agosti hukatwa mapema sana. Ratiba ya siku tatu haina mahali pa kuweka mvua, mgomo wala treni iliyochelewa. Kimoja kikitokea, safari ya kuvuka bahari inaishia kwenye benchi la stesheni. Ratiba ya siku nane humpa mtu nafasi ya kusogeza mambo, na siku iliyobaki bila kazi haipotei, kwa kuwa mji upo.

Hapo ndipo tunafika kwenye pingamizi zito kuliko yote: kwamba watu hawaendi Peru kwa ajili ya mji, wanakwenda kwa ajili ya Machu Picchu, na Cusco ni njia tu. UNESCO haikuona hivyo. Mwaka 1983 iliandika vyote viwili kwenye orodha ya urithi wa dunia, kila kimoja kwa hadhi yake. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba Machu Picchu ilikuwa makazi ya kifalme yaliyojengwa katika zama za Pachacuti, mtawala wa karne ya 15. Yaliachwa baada ya muda usiofika miaka mia, na kwa sababu yaliachwa ndiyo maana yamebaki safi. Cusco haikuachwa. Hapo ndipo barabara za dola nzima zilikuwa zikikutana. Francisco Pizarro, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, aliingia Novemba 1533. Mwaka 1536 mtawala wa Wainka, Manco Inca, akauzingira mji kwa miezi ili kuurudisha, akashindwa. Katika uwanja mkuu wa mji, ambako leo watalii hunywa kahawa barazani, Wahispania walimkata kichwa Túpac Amaru, mtawala wa mwisho wa Wainka, mwaka 1572, na Mei 18, 1781 wakamuua José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru wa Pili na kuongoza uasi mkubwa kabisa wa Waindio dhidi ya mfalme wa Hispania. Anayetaka kuelewa jinsi watu walioshindwa vitani walivyoendelea kuwepo kwa karne tano hatalipata jibu kwenye magofu matupu, hata yawe mazuri namna gani. Atalipata mahali ambapo maisha yaliendelea.

Chukua Qorikancha, hekalu kuu la jua. Kuta zake zilibandikwa mabamba ya dhahabu, nayo yakabanduliwa mwaka 1533 ili kulipia fidia ya Atahualpa, mfalme wa Wainka aliyetekwa na Wahispania, ambaye aliuawa hata hivyo. Baadaye watawa wa Kidominiko wakajenga kanisa na konventi yao juu ya hekalu. Tetemeko la Mei 21, 1950 liliibomoa sehemu kubwa ya konventi hiyo, na vifusi vilipoondolewa kuta za Wainka zikaonekana zikiwa zimesimama. Ukiusogelea ukuta huo unaona sababu. Mawe yamechongwa yakakaa moja juu ya jingine bila saruji wala udongo, kila safu ikiinamia ndani kidogo, na milango na vishubaka ni vipana chini na vyembamba juu, ili ardhi ikitikisika mzigo utulie mahali pake. Vivyo hivyo kwenye kichochoro cha Hatun Rumiyoc, ambako jiwe lenye pembe kumi na mbili limeshikana barabara na majirani zake, na juu ya ukuta huo wa Wainka ndiko lilikojengwa kasri la askofu mkuu. Katika kanisa kuu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1560 na kumeza mawe yaliyong'olewa Sacsayhuamán, upo mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata, mchoraji wa Cusco wa karne ya 18. Katikati ya meza ya Yesu na mitume, palipotazamiwa kondoo, kuna simbilisi aliyebanikwa, miguu juu. Ni mnyama yuleyule anayefugwa majikoni nyanda za juu kusini mwa Tanzania na huko Kivu, na asili yake ni Andes. Ndani ya kanisa hilohilo yupo Kristo mweusi ambaye wenyeji humwita Taytacha Temblores, Bwana wa Matetemeko, kwa imani kwamba alituliza tetemeko la mwaka 1650. Kila Jumatatu Kuu hupitishwa mitaani akimwagiwa maua mekundu. Mambo haya hayaonekani kwa saa mbili za kuongozwa na bendera ndogo. Mwongozaji anayewahi treni ataonyesha jiwe, atahesabu pembe zake na kuondoka.

Tena Cusco ni mji wa watu zaidi ya laki nne, wakiwamo wanaozungumza Kikechua nyumbani na Kihispania ofisini. Sokoni San Pedro mama mmoja huwa na viazi vya rangi na maumbo ambayo mkulima wa Kinangop au Njombe hajawahi kuyaona, ingawa viazi anavyolima yeye vimetokana na mbegu za milima ya Andes. Kando yake kuna chuño, viazi vinavyoachwa nje usiku wa baridi vigande, vikakanyagwa kwa miguu kutoa maji, vikaanikwa hadi viwe vyepesi na vikavu na kuhifadhika kwa miaka. Kituo cha Kimataifa cha Viazi kiko Lima na kina ofisi ya kanda Nairobi, hivyo uhusiano huo haujafa. Mbegu na utaalamu vinaendelea kusafiri. Mwanafunzi wa kilimo, mpishi, au mtu yeyote anayekula chipsi ana jambo la kujifunza mbele ya meza ile. Vivyo hivyo kwa ufumaji: kituo cha nguo za asili kilichoanzishwa mwaka 1996 na Nilda Callañaupa Alvarez hukusanya wafumaji wa vijiji vya jirani, na hapo mgeni anaweza kukaa asubuhi nzima akitazama sufu ya alpaka ikisokotwa na kutiwa rangi ya mimea na wadudu. Ndipo anaelewa kwa nini shali ya kweli haiwezi kuuzwa kwa bei ya ile ya kiwandani iliyotandikwa mlangoni mwa stesheni.

Lipo pingamizi la mwisho, na ni la haki kuliko mengine. Ikiwa kila mgeni atakaa siku nne mjini badala ya moja, Cusco itapumua? Katikati ya mji nyumba nyingi za kale tayari zimegeuka hoteli na mikahawa, na wenyeji wamesukumwa kwenda mabondeni na vilimani pembeni. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni anaweza pia kuja mwenyeji akahama. Hili siwezi kulipuuza. Bado naamini haraka ndiyo inayoumiza zaidi. Mgeni wa siku tatu hutumia ndege mbili, mabasi na treni kwa mbio, na fedha zake nyingi huishia kwenye tiketi hizo na kwa wakala aliyezipanga. Mjini huacha takataka na foleni. Anayekaa hula sokoni, hutembea kwa miguu, huajiri mwongozaji kwa siku nzima, hununua kwa mfumaji na si kwa mchuuzi wa treni. Ushahidi wa mahali haraka inapotupeleka uko Chinchero. Hapo unajengwa uwanja mpya wa ndege wa kimataifa ili wageni wengi zaidi wafike bila kupitia Lima, na mwaka 2019 wanahistoria na wataalamu wa mambo ya kale walipinga waziwazi kwa sababu eneo hilo limejaa matuta na majengo ya Wainka. Uwanja huo uko zaidi ya mita 3,700. Yaani ili kumwokolea mtalii saa chache, nchi inachimba urithi inaotaka aje kuutazama, na kumshusha juu zaidi ya pale anapougua sasa. Kwa upande wake mgeni anaweza kupunguza madhara: alale kwenye nyumba ya wageni ya familia yenye leseni, nje ya mitaa inayozunguka uwanja mkuu, na asikodi nyumba nzima ambayo mpangaji ameondolewa ili ipatikane. Na kama hana hamu ya sikukuu za Corpus Christi wala Inti Raymi ya Juni 24, aepuke Juni; Mei na Septemba hali ya hewa ni nzuri na mji una nafasi.

Mpango ninaoutetea, basi, una mfuatano rahisi. Usiku wa kwanza Lima, kupumzisha miguu baada ya safari ndefu. Asubuhi ndege ya Cusco na gari la moja kwa moja kwenda bondeni, usiku tatu huko bila pombe na bila haraka. Usiku mmoja kijijini chini ya Machu Picchu, ili mtu aingie na tiketi ya asubuhi kabla ya treni za wageni wa siku moja kufika. Kisha usiku nne Cusco, na mmoja kati ya mchana hiyo uachwe wazi kabisa, kwa mvua, kwa mgomo au kwa kurudi mahali palipopendeza. Vinicunca, mlima wa rangi unaouzwa kila kona ya mji kama matembezi ya siku moja, uko takriban mita 5,036, juu kuliko kibanda cha Kibo ambako wapandaji wa Kilimanjaro hulala kabla ya kileleni. Asiyeuweza auache, na anayeutaka auweke mwisho kabisa. Kabla ya yote hayo, daktari na kipimo cha damu. Hesabu hiyo inatoa siku tisa au kumi Peru, bila kuhesabu safari ya kwenda na kurudi. Kwa mwenye likizo ya siku tano, ushauri wangu ni mgumu lakini wa kweli: asiende mwaka huu. Aweke akiba, alimbikize siku za likizo na aende mwaka ujao. Mawe ya Cusco yamevumilia matetemeko makubwa mawili katika karne tatu, na miezi kumi na miwili ya kumngoja mgeni aliyejiandaa hayatayadhuru.